Kisiwa cha Mbali, Mwamba wa Nyumbani

Katika jarida hili mmezoea mashairi, ngeli, methali na vitendawili. Mimi nimeonelea nilete somo ambalo kwa kawaida tunalisoma kwa Kiingereza, nalo ni jiolojia, yaani elimu ya miamba na jinsi dunia ilivyojijenga. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, wako wanaodai ati Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Pili, sisi wa shule za kutwa tukisikia maneno "safari ya nyanjani" tunafikiria mara moja basi la kukodi, nauli na barua ya kupelekea wazazi. Pesa zikikosekana, mtu anaona somo limempita. Hebu tufuatane kwanza mpaka kisiwa kimoja cha mbali, halafu turudi hapa hapa Nairobi, tuone kama kweli limetupita.

Safari ya jiolojia ni nini?

Wanafunzi wa jiolojia wa vyuo vikuu hawasomi darasani peke yake. Hata wale wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambao masomo yao yako Chiromo, pale tunapopita na matatu tukitoka mjini kwenda Westlands, hulazimika kufunga mizigo na kwenda nyanjani. Hubeba nyundo, dira, ramani, daftari, penseli na mifuko ya kuwekea vipande vya mawe. Kwa nini wasitazame tu mawe yaliyopangwa kabatini? Kwa sababu jiwe lililong'olewa mahali pake ni kama neno lililong'olewa katika sentensi. Ukiniuliza maana ya neno "kata" pekee yake nitakuuliza: kata ya maji, au kata kwa kisu? Sentensi ndiyo itakayotuamulia. Na jiwe pia hueleweka likiwa na majirani zake, lile la juu na lile la chini.

Kwa hiyo mwanajiolojia akifika penye mwamba hujiuliza maswali manne. Moja, mwamba huu umetokana na nini? Mbili, ulifikaje hapa? Tatu, uko juu ya nini na chini ya nini? Nne, unamfanyia nini mtu anayeishi hapa? Swali la tatu ndilo la umri. Kama matabaka hayajapinduliwa, la chini lilitangulia na la juu lilifuata, sawa na sahani zilizopangwa kabatini: ya chini kabisa ndiyo iliyowekwa kwanza. Tafadhali yashikeni maswali haya manne, manake tutayatumia mpaka mwisho.

Kisiwa cha Kusini, mwaka 1934

Kaskazini mwa nchi yetu kuna Ziwa Turkana, ambalo zamani liliitwa Rudolf mpaka lilipobadilishwa jina mwaka 1975. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani na yasiyokauka. Ndani yake kuna visiwa vitatu vikubwa: cha Kaskazini, cha Kati na cha Kusini. Vyote vitatu ni milima ya volkano iliyochomoza kutoka chini ya maji. Kisiwa cha Kati kina kasoko tatu zilizojaa maji, yaani vijiziwa vitatu ndani ya kisiwa kilicho ndani ya ziwa, na mpaka leo mvuke wa moto hutoka ardhini. Volkano hizo ziko hapo kwa sababu Bonde la Ufa limepita hapo. Ardhi ilipovutwa huku na huku ikapasuka, na kupitia nyufa hizo mawe yaliyoyeyuka yakapanda juu.

Mwaka 1934 kikundi cha wanasayansi kutoka Uingereza kilikuja kuchunguza ziwa hilo na Bonde la Ufa. Kiongozi wao alikuwa mwanajiolojia Vivian Fuchs, aliyekuwa na umri wa miaka 26 tu. Wawili kati ya wenzake, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua ndogo mpaka Kisiwa cha Kusini ili kukipima na kukichunguza. Walitazamiwa kurudi baada ya siku kadhaa. Siku zikapita, mashua haikuonekana. Wakatafutwa, hata ndege ikatumwa kuruka juu ya ziwa, lakini wapi! Watu hao hawakuonekana tena, wala miili yao haikupatikana. Baadaye vitu vyao vichache viliokotwa ufukoni, upande wa magharibi. Wengi huamini kwamba upepo uliwapindulia mashua wakiwa njiani kurudi.

Fuchs aliendelea na kazi yake ya sayansi. Kati ya mwaka 1957 na 1958 aliongoza msafara wa kwanza kuvuka bara la Antaktika kwa nchi kavu kutoka pwani moja hadi nyingine. Hata hivyo, safari ya Ziwa Turkana haitajwi bila wale wawili waliobaki huko.

Sikuleta kisa hiki ili niwatishe. Nimekileta kwa sababu kina mafunzo ambayo kitabu cha kiada hakiyataji. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mwamba wa Kisiwa cha Kusini ulihitaji kutazamwa pale ulipo, hilo ni kweli. Lakini mahali ni zaidi ya mwamba. Mahali kuna upepo, kuna maji na kuna wenyeji. Anayetaka kuusoma mwamba ni lazima avisome vyote.

Upepo, maji na wenyeji

Tuanze na upepo. Upande wa kusini-mashariki wa ziwa upepo huvuma kwa nguvu karibu mwaka mzima, kwa sababu hupita katikati ya nyanda za juu mbili kama maji yanayopita katika mfereji mwembamba. Upepo huo unaoaminika kuwameza watu wawili mwaka 1934, leo umefungwa lijamu. Karibu na Loiyangalani zimesimamishwa tabo 365 za kuzalisha umeme, zenye uwezo wa megawati 310. Mradi huo ulizinduliwa rasmi mwaka 2019, na umeme wake husafirishwa kwa nyaya zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa, ukaingia katika gridi ya taifa. Kwa hiyo usiku ukiwa Kangemi umewasha taa ufanye kazi ya ziada ya hesabu, huenda sehemu ya mwanga huo ni ule upepo wa ziwani. Kitu kile kile ni hatari kwa asiyekijua na ni mali kwa aliyekijua.

Tuje kwa maji. Kandokando ya ziwa hilo wanaishi ndugu zetu wa El Molo, wavuvi tangu jadi. Maji ya ziwa yana chumvi ya magadi na pia madini yanayoitwa floraidi, ambayo hutoka katika miamba ya volkano. Floraidi kidogo husaidia meno, lakini ikizidi huyatia madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Wazee wa El Molo wamejulikana kwa kuumwa miguu kwa sababu hiyo. Hapo ndipo swali letu la nne linapojibiwa: mwamba huingia mdomoni mwa mtu kupitia kikombe cha maji.

Na wenyeji? Wao ndio maktaba ya kwanza. Mtu aliyezaliwa ufukoni anajua saa ambayo ziwa hutulia na saa ambayo hukasirika. Hana cheti cha chuo kikuu lakini elimu anayo. Mgeni mwenye busara huuliza kwanza ndipo achukue kasia.

Nairobi nayo ilitoka motoni

Sasa basi, turudi nyumbani. Utaniambia Nairobi hakuna ziwa wala kisiwa. Sawa. Lakini mama wa visiwa vile ni Bonde la Ufa, na Nairobi ni mtoto wa mama huyo huyo. Jiji letu limekaa kwenye bega la mashariki la bonde. Ukipanda matatu ya kwenda Limuru unapanda mlima polepole, halafu ghafla ardhi inakatika na bonde linafunguka mbele yako. Vilima vya Ngong, vyenye urefu wa karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, ni mabaki ya volkano kuukuu ambayo upande wake wa magharibi uliporomoka bonde lilipodidimia. Ndiyo maana upande wa Karen mteremko ni wa taratibu, na upande wa bondeni ni mkali.

Volkano za zamani zilimwaga lava na kurusha majivu mara nyingi, na kila mara tabaka jipya likalala juu ya la zamani. Mwamba mmoja maarufu unaitwa fonolaiti ya Nairobi, wenye umri wa miaka kama milioni 5. Jina fonolaiti limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sauti, kwa kuwa bapa la mwamba huo likigongwa hulia kama chuma. Mwamba mwingine ni tufu, yaani majivu ya volkano yaliyoshikamana yakawa jiwe. Wanajiolojia waliyapa baadhi ya matabaka hayo jina la bonde la Kirichwa. Naam, ile ile mito ya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo inayopita Lavington, Kileleshwa na Kilimani! Mvulana au msichana wa Kawangware anavuka kila siku mto ulioingia katika vitabu vya sayansi, na pengine anachokijua ni harufu ya taka zake tu.

Safari ya jiolojia isiyo na nauli

Hii hapa safari ambayo mwanafunzi yeyote wa magharibi mwa jiji anaweza kuifanya kwa miguu au akiwa anakwenda shambani, sokoni au mjini. Beba daftari na penseli tu.

Kituo cha kwanza ni ukuta. Tazama ukuta wa darasa lako kama ni wa mawe. Yale mawe ya kijivu ambayo mafundi huyakata tisa kwa sita au tisa kwa tisa, mengi yake ni tufu. Yaliyo mengi sokoni siku hizi huitwa Ndarugu, kwa sababu huchimbwa upande wa Ndarugu na Juja. Mwaga matone machache ya maji juu ya kipande kilichobaki cha jiwe hilo. Utaona linayanywa. Hiyo ni kwa sababu majivu yaliposhikamana yaliacha vitundu vidogo vidogo vya hewa. Kwa hiyo jiwe hili ni jepesi, hukatika kwa nyundo na patasi, na mjengo nalo huenda haraka. Mjini kati pia yako majengo ya zamani yenye kuta za mawe, kama vile Kipande House kwenye Barabara ya Kenyatta, lililojengwa mwaka 1913. Ukisimama hapo, jiulize yale maswali manne.

Kituo cha pili ni rundo la kokoto. Nilipokuwa natayarisha makala haya nilisimama karibu na mjengo mmoja njiani kwenda nyumbani, nikamwuliza mzee aliyekuwa anapasua mawe.

"Habari ya kazi, mzee?"

"Nzuri, kijana. Unatafuta kibarua?"

"La, natafuta kujua tu. Kwa nini kokoto hamtengenezi kwa haya mawe ya ukuta?"

Akacheka, akachukua nyundo yake, akaligonga jiwe la kijivu la ukuta. Likatoa sauti ya du! kama mtu aliyepiga debe lililojaa unga. Halafu akaligonga jiwe jeusi. Likalia ngi!

"Umesikia?" akasema. "Hili la kwanza limelala. Hili la pili liko macho. Zege inataka jiwe lililo macho."

Mzee huyo hakutaja fonolaiti wala tufu, lakini somo lote la miamba migumu na laini alinipa kwa mapigo mawili. Nimeandika maneno yake katika daftari langu la Jiografia, kando ya yale ya kitabu.

Kituo cha tatu ni viatu vyako. Sisi tunaotembea kutoka Kawangware, Kangemi, Uthiru na Dagoretti tunajulikana kwa soksi nyekundu, na wakati wa mvua kiranja wa zamu hatuachi. Wenzetu wa Embakasi na upande wa Viwandani wao huhangaika na udongo mweusi unaonata. Je, mbona jiji moja lina udongo wa namna mbili? Miamba iliyoko chini kote ni ya volkano. Tofauti kubwa ni maji. Huku magharibi nchi imeinuka na ina miteremko, mvua ni nyingi zaidi na maji hupenya na kwenda zake. Chuma kilichomo katika mwamba hupata kutu, udongo ukawa mwekundu. Kule chini ni tambarare, maji hutuama, udongo ukawa mweusi. Udongo huo mweusi huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Nyumba ikijengwa juu yake bila kuchimba msingi mpaka penye mwamba, kuta hupata nyufa. Jamani, si kila nyumba inayopasuka ina jini!

Kituo cha nne ni kikombe. Maji ya mfereji yakikatika, na tunajua hukatika mara ngapi, watu hununua mitungi ya maji ya visima vya kina. Visima hivyo vimetobolewa katika miamba ya volkano, ndugu wa ile ya Ziwa Turkana, na vingi vimepimwa vikakutwa na floraidi kupita kiwango. Shirika la Afya Duniani limeshauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, wakati meno yao ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi. Tena muwaambie nyumbani kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Njia ya busara ni kumwuliza mwenye kisima kama maji yake yamepimwa, na kuwawekea watoto wadogo maji ya mvua au ya mfereji kwa kunywa, yakiwa safi na yamechemshwa.

Na hapa nina neno na wanafunzi wenzangu. Tunao rafiki zetu wenye meno ya kahawia ambao hucheka huku wamefunika mdomo kwa mkono. Wako wanaowatania ati hawapigi mswaki. Aliyelisoma somo hili hawezi tena kusema hivyo. Madoa yale yalitoka katika mwamba, yakaja na maji, kabla mtoto hajajua hata mswaki ni nini. Kumcheka ni kumcheka kwa sababu ya mahali alipolelewa.

Tahadhari

Wale vijana wawili wa mwaka 1934 wanatufundisha kwamba elimu haimkingi mtu na maji. Jijini kwetu kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi. Hata mitaa inayoitwa Kware ilipata jina hilo kutokana na machimbo ya mawe, si kwa sababu ya ndege kware. Machimbo kama hayo yakijaa maji ya mvua hufanana na bwawa zuri la kuogelea, kumbe kingo zake ni wima na kina chake hakijulikani. Watoto wengi wamezama humo. Basi ukienda kutazama matabaka ya mawe, nenda na mwenzako, mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda, usisimame chini ya ukingo ulioning'inia, usiingie ndani ya uzio wa mjengo, na usiguse maji usiyoyajua. Muulize kwanza anayeishi karibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ainame akiwa ametazama pande zote.

Mtihani wa Jiografia hutuuliza juu ya utafiti wa nyanjani: malengo, matayarisho, njia za kukusanya habari, na matatizo. Wengi wetu huyakariri majibu hayo kama ngonjera. Mwanafunzi aliyevipitia vituo vinne nilivyovitaja hatakariri, atakumbuka. Ikiwa siku moja shule yetu itapata basi la kutupeleka Ziwa Turkana, tutashukuru na tutaimba njia nzima. Lakini tusikae tukilingoja ilhali mwamba wenyewe uko chini ya madawati yetu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini jiwe huchunguzwa mahali lilipo.
2. Visiwa vya Ziwa Turkana na Vilima vya Ngong vina uhusiano gani?
3. Chukua kipande cha tufu na kipande cha kokoto. Vigonge, uvitie maji, kisha uandike tofauti tatu.
4. Nyumbani kwenu hutumia maji kutoka wapi? Muulize mzazi au jirani mkongwe maji hayo yalikuwaje zamani, uandike jibu lake kwa Kiswahili sanifu.
5. Kuna msemo usemao "kama jiwe" kwa maana ya kitu kisichosema. Je, baada ya somo hili, unakubaliana nao? Toa sababu.

Majibu ya swali la nne tafadhali yaleteni kwenye mkutano wa chama chetu, tuyasome kwa pamoja. Yakitosha, tutachora ramani ya maji ya mitaa yetu, kutoka Kangemi mpaka Dagoretti, na kuibandika ukutani karibu na ubao wa matangazo. Kwaherini kwa sasa.